Mugeni hashuke peke yake mu shimo: kwa nini tunamuacha kine kijana peke yake?

Kila mutu aliyefanya kazi mu migodi anajua sheria hii: mugeni hashuke peke yake. Siku ya kwanza unapewa kaske, bote na taa, na unapewa mutu. Mutu ule anatembea mbele yako. Anagonga jiwe la juu na chuma chake, anasikiliza, kisha anakuambia: hili liko nguvu, pita, hili linalia sauti ya debe tupu, rudi nyuma. Mu karatasi za sekirite imeandikwa kwamba inabidi kugonga jiwe. Lakini ile sauti yenyewe haiandikwe. Unaijua siku umeisikia ukiwa pembeni ya mutu aliyeisikia mbele yako.

Sasa twende ku hospitali, mu chumba cha mwisho cha koridore, chenye meza ya kulalia, mipira, kioo na ngazi ndogo ya mbao. Pale kuko kijana, mwanaume ao mwanamuke. Ametoka mu masomo juzi juzi, diplome iko mu mufuko. Ni kine, munganga wa viungo. Mugonjwa wa kwanza anaingia akishika mugongo na mikono mbili. Nani amesimama pembeni ya ule kijana? Mara nyingi hakuna mutu. Yeye pekee njo kine wa hospitali nzima, ao kama kuko mukubwa, mukubwa iko na wagonjwa wake wengi na hana nafasi ya kuangalia vile mutoto anafanya.

Sisi tunaona jambo hili halistahili kuendelea. Neno letu la leo ni moja: kila kine anayeanza kazi apewe mukubwa wa kazi, mwenye kujulikana kwa jina, kwa muda wenye kujulikana, na saa za mukubwa ule zihesabiwe kuwa kazi. Na tunalisema kwenu, wafanyakazi wa migodi na familia zenu, juu migongo inayolala ku ile meza ni yenu.

Kine anafanya nini?

Wengi kwetu wanasema kine ni mutu wa kukanda. Unaumia, anakupaka mafuta, anakukanda, unarudi nyumbani. Kukanda ni sehemu ndogo ya ile kazi. Kine njo anamufundisha tena kutembea mutu aliyevunjika muguu kisha plasta kutoka. Anamusaidia baba aliyepooza upande moja kurudia kushika kijiko. Anamufundisha kupumua mutu mwenye mapafu yaliyochoka na vumbi. Anamuangalia mutoto aliyezaliwa na miguu ya kupinda. Na zaidi ya yote, kwetu huku Katanga, anaangalia migongo.

Shirika la Afya la Dunia, OMS, linasema kwamba mu mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mugongo upande wa chini. Ni ugonjwa wa kwanza wenye kuzuia watu kuishi na kufanya kazi vizuri. Hatuhitaji kuuliza kama wetu wamo mu ile hesabu. Mutu anayekaa saa nyingi ku usukani wa kamioni kubwa ya mugodi, akitikiswa na barabara ya mawe tangu asubuhi, anajua. Mutu anayebeba mufuko wa mawe kutoka mu shimo kwa bega anajua. Mama anayeinama siku nzima kuosha mawe ku muto anajua. Mugongo ukikatala, mushahara unakatala, na watoto wanafukuzwa ku masomo juu ya deni.

Kwa hiyo kujua kama kine wa hospitali yetu anafanya kazi vizuri ni swali la mukate.

Migongo mbili zenye kufanana

Tuchukue mufano. Hatutaji mutu wala hospitali. Ni mufano wa kuonyesha vile mambo yanapita.

Asubuhi moja wanaingia wababa wawili ku kine wetu kijana. Wa kwanza ni shoferi wa kamioni kubwa, wa pili alichimba miaka mingi mu mawe. Wote wanasema neno moja: "Mutoto, mugongo iko inanikata." Wote wawili wanaumia chini ya mugongo, wote wawili wanatembea wakiinama. Kine wetu anawafanyia vile alivyoona wakati wa staji: joto, kukanda, mukaba wa kukaza kiuno, na shauri la kulala nyumbani mupaka maumivu yaishe.

Kwa shoferi, lile shauri halikuwa zuri. Mu mwezi wa 12 mwaka 2023, OMS ilitoa maagizo juu ya maumivu ya mugongo yanayodumu. Inasema mutu afundishwe kuelewa mugongo wake, afanye mazoezi ya mwili yenye mupango, na kukanda kunaweza kusaidia pamoja na hayo. Lakini ile mikaba ya kiuno na kuvutwa mugongo kwa mashine, OMS inaomba visipewe watu wote kama desturi. Na kulala kitandani siku nyingi, waganga waliacha kulishauri zamani: mutu anayelala anapoteza nguvu, na siku anarudia kazi anaumia zaidi. Kijana wetu hakujua juu mwalimu wake alisoma zamani, na kitabu kilichokuwa mu biblioteki kilikuwa cha zamani zaidi. Shoferi alipoteza wiki tatu na pesa ya mukaba. Hakufa, lakini alipoteza.

Kwa ule wa pili, kosa lilikuwa lenye hatari. Alikuwa anaumia zaidi usiku kuliko muchana. Alikuwa anatoka jasho mu usingizi, suruali ilikuwa inaanza kumulegea, na kukohoa kulikuwa kwa zamani. Hakuna mutu alimuuliza. Kifua kikuu kinaweza kuacha mapafu kikaingia mu mifupa ya mugongo na kuila polepole. Kikikawia, mugongo unapinda, na miguu inaweza kufa ganzi. Wachimbaji wako mu hatari zaidi ya wengine, juu vumbi la mawe linaloharibu mapafu linafungulia kifua kikuu mulango. Dawa zake ziko, zinaponyesha, na mu mupango wa taifa zinatolewa bure. Lakini inabidi mutu amutume ule baba kwa munganga na ku raboratware. Kumukanda mugongo wiki na wiki ni kumupotezea wakati ambao hana.

Je, kijana wetu ni mujinga? Hapana. Mu masomo alisikia habari ya kifua kikuu cha mifupa, pengine aliandika mu egzame na akapata pwe nzuri. Tatizo ni kwamba mu karatasi ugonjwa unakuja na jina lake ku kipaji. Mu chumba cha kazi unakuja umevaa nguo ya ugonjwa mwingine.

Mukubwa wa kazi angekuwa pale, hangesema maneno mengi. Angesimama ku mulango na kuuliza: "Mwanangu, umemuuliza kama anaumia usiku? Umeuliza kama amekonda? Kukohoa je? Anahisi miguu vizuri? Anaweza kuzuia mukojo?" Maswali matano. Ile njo sauti ya jiwe. Kisha kuisikia mara moja na mugonjwa mbele ya macho, kijana haisahau tena.

Mukubwa wa kazi na antrenere

Watu wanachanganya vitu viwili, na tunataka kuvitenganisha.

Mukubwa wa kazi ni mutu wa kazi ileile, aliyepita njia ile mbele yako. Anakuonyesha. Anakuambia mimi nilikosa hapa, wewe usikose. Anakufungulia milango: anakujulisha kwa munganga fulani, anakuambia kuko mafundisho mahali fulani, anakushika mukono.

Antrenere ni mwingine. Hapa Lubumbashi hatuna haja ya kueleza sana. Mutu aliyeangalia Mazembe anajua kwamba antrenere haingie mu kiwanja kupiga penalti. Anasimama pembeni, anaona mutu anacheza, anamufanya aone yeye mwenyewe pale nguvu yake iko na pale inapotea. Mu kazi pia kuko maantrenere. Kazi yao kubwa ni kuuliza. John Whitmore wa Uingereza, mu kitabu chake cha 1992, alieneza mufululizo wa maswali ambayo mutu yeyote anaweza kuyashika: Unataka kufika wapi? Leo uko wapi kwa kweli? Kuko njia gani? Utafanya nini, na siku gani?

Kine kijana anahitaji wote wawili, na kwa bahati nzuri mutu moja anaweza kuwa wote wawili kama anajua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Mugonjwa akiwa mu hatari, mukubwa aseme, asiulize. Lakini kijana akija na kusema "Yaya, nimechoka, nataka kuacha hii kazi", mukubwa asikimbilie kumupa mahubiri. Amuulize kwanza kimemuchosha nini.

Wa tatu ni shefu. Shefu anahesabu saa, anaandika ripoti, anaweza kukatala kontra. Mukubwa wa kazi asiwe shefu wa ule kijana, kama inawezekana. Sababu iko wazi: mutu hafungue kosa lake mbele ya mutu anayeweza kumufukuza. Na kosa lisilofunguliwa linarudi kesho ku mugongo wa mwingine.

Diplome ni mulango, nyumba iko ndani

Kuko wazazi wengi kati yenu wanaolipa masomo ya mutoto mu ISTM ao ku iniversite. Mu Kinshasa, ISTM na kitivo cha unganga cha UNIKIN vinafundisha kazi ya kine, na vijana wa kwetu wanafunga safari kusoma kule. Baba anauzisha kiwanja, mama anauzisha unga, mutoto anarudi na diplome. Siku ile munafanya sikukuu. Lakini miaka mitatu kisha, ule kine anaendesha taksi, ao anauzisha yuniti za telefoni, ao anafanya kazi ya ofisi mu kampuni bila kugusa mugonjwa.

Watasema ni mushahara. Ni kweli, mushahara ni mudogo na mara ingine haufike. Hatutaficha jambo hilo nyuma ya maneno mazuri: mukubwa wa kazi hawezi kulipa nyumba ya kijana. Lakini kuko pia jambo la pili ambalo halisemwi. Kijana haoni njia. Anaona meza moja, chumba kimoja, na miaka 30 mbele yake ya kukanda. Hakuna mutu amemuambia kwamba kazi ya kine iko na njia nyingi. Kuko wale wa watoto. Kuko wale wa watu waliopooza. Kuko wale wa mapafu. Kuko wale wa wachezaji wa mupira. Kuko wale wanaofundisha. Na kuko njia moja ambayo mu muji wa migodi ingepashwa kuwa ya kwanza: kine anayetoka mu hospitali na kwenda kuangalia kazi yenyewe. Anaangalia kiti cha shoferi, urefu wa meza ya fundi, namna mutu anainua muzigo, na kusema badilisheni hiki na hiki mbele watu hawajavunjika.

Kijana hajui njia hiyo kama hajaona mutu anayeipita. Na mwanamuke kijana inamukawia zaidi: anaolewa, anazaa, anakaa nyumbani mwaka, na akirudi anaona wenzake wameendelea na hakuna wa kumuambia pa kuanzia. Mukubwa wa kazi aliye mwanamuke, aliyepita pale pale, anamuokolea miaka.

Ndani ya miezi kumi na mbili

Watu wanaogopa neno "mupango" juu wamesikia mipango mingi. Huu ni mudogo. Tuuseme na hesabu.

Saa mbili kila wiki, kwa mwaka moja. Inafika karibu saa 100. Saa moja mukubwa anakaa mu chumba na kuangalia kijana akifanya kazi na mugonjwa, mugonjwa akiwa amekubali. Saa ya pili wanakaa wawili na kaye ya kijana. Mu kaye ile kijana ameandika wagonjwa watatu wa wiki, bila majina: mumoja aliyeenda vizuri, mumoja aliyemushinda, na mumoja ambaye hakuwa na hakika. Wanazungumuza wale watatu. Basi.

Mwezi wa kwanza wanaandika pamoja mambo matatu ambayo kijana anataka kuyajua mwisho wa mwaka, na mwezi wa sita wanaangalia kama wako mu njia. Mwezi wa kumi na mbili wanaachana, ao wanaendelea kama marafiki. Kama wawili hawapatane, wabadilishane bila aibu. Ndoa ya lazima haizae.

Na mukubwa mwenyewe asome. Tulisema juu ya ule mukaba wa kiuno: kama mukubwa ndiye anaufunga bado kwa kila mutu, atafundisha kosa kwa heshima kubwa, na kosa la mukubwa linadumu kuliko la mutoto. Ni vizuri mukubwa na kijana wasome pamoja karatasi moja mupya kila mwezi. Pale kijana atamuonyesha mukubwa vile vya telefoni na intaneti, na mukubwa atamuonyesha kijana vile vya mugonjwa. Kila mumoja atatoka na kitu.

Wenye kukatala watasema nini

Wa kwanza watasema: wakubwa hawako. Ni kweli wako kidogo, na wengi wako Lubumbashi na Kinshasa. Lakini mukubwa wa Lubumbashi anaweza kumufuata kijana wa Fungurume ao wa Kasumbalesa kwa telefoni, na kwenda kumuona kwa macho mara moja kila miezi mitatu. Na mukubwa moja anaweza kushika vijana watatu pamoja, juu vijana wanajifunza pia kati yao.

Wa pili watasema: mukubwa ataogopa kwamba mutoto atamunyanganya kiti. Woga huu tunaujua, uko mu kila kazi. Kuko fundi anayemutuma mwanafunzi kuchota maji wakati wa kufunga vis ya mwisho, asije akaona. Dawa yake ni kumupa mukubwa heshima na faranga. Kama kufundisha kunamuongezea jina na mushahara, hatakimbia. Kama kunamuongezea tu uchovu, atakimbia, na hatuwezi kumulaumu.

Wa tatu watasema: kwa nini sasa? Watu wameishi bila hayo. Sisi tunajibu na historia yenu wenyewe. Mu 2003, mupango wa "Départs volontaires" uliondoa zaidi ya watu 10,000 mu Gécamines. Wengi walikuwa wakubwa wa kazi. Waliondoka na bahasha ndogo mu mukono na ujuzi mwingi mu kichwa: sauti za mashine, tabia za mawe, namna ya kufundisha mugeni. Nani alikaa nao kuwauliza mbele ya kuondoka? Familia nyingi zinazosoma hii gazeti zinajua jibu. Ujuzi ule hatukuupoteza kwa vita wala kwa moto. Tuliuacha uende nyumbani, na umezikwa kidogo kidogo pamoja na wenyewe. Leo wakine wa kwanza wa hospitali zetu nao wanazeeka. Tusirudie.

Nani afanye nini

Kampuni za migodi kwanza. Sheria ya kazi ya 2002 inamutaka patroni kumutunza mufanyakazi na familia yake wakiwa wagonjwa. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mu mwezi wa 3 mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba kutenga pesa ya maendeleo ya wenyeji isiyopungua 0.3% ya mauzo yake. Hesabu ni rahisi: kampuni inayouzisha madini ya dola milioni 1,000 kwa mwaka inatenga milioni 3. Mu mikutano ya kupanga pesa ile na mu cahier des charges, watu wanaomba masomo, maji, barabara na hospitali. Vizuri. Lakini tumeona majumba ya hospitali yenye rangi mupya na hakuna mutu ndani anayejua kazi vizuri. Tunaomba kikundi cha wenyeji kiandike mustari moja zaidi: mushahara wa wakubwa wa kazi wa kufuata vijana wa afya, wakine wakiwemo. Kati ya pesa zote zile, ni kitu kidogo sana.

Kampuni zile zenye hospitali yao wenyewe zisingoje hata mukutano. Munajua kumupa mugeni mukubwa ku kamioni na mu shimo. Munajua kumuandikia kitabu chake cha mafundisho na kutia sinyature kila hatua. Chukueni karatasi ileile, muipeleke ku chumba cha kine.

Wakubwa wa hospitali za serikali, nyie hamuna pesa, tunajua. Lakini muko na saa. Andikeni mu orari saa mbili kila wiki, na mutu asizichukue kwa kazi ingine. Ufunguo wa kwanza ni huo.

Masomo nayo isiseme kazi yake imeisha siku ya kutoa diplome. Iulize mwaka moja kisha: watoto wetu wako wapi, nani anawafuata? Kila mwaka tarehe 8 mwezi wa 9 dunia inafanya siku ya wakine. Tumechoka na maandamano na mapulover yenye maandishi. Siku ile ingekuwa nzuri kwa kusoma mbele ya watu majina mawili mawili: kijana huyu, mukubwa wake ni huyu.

Sendika zetu, wakati munazungumuza na patroni juu ya mushahara na kaske, ulizeni pia: kine wa hospitali yenu ni nani, na nani anamuangalia kazi? Mugongo wa mufanyakazi ni chombo chake cha kwanza. Chombo hakipelekwe kwa fundi ambaye hakuna mutu aliyemufundisha.

Na nyie wagonjwa, kuko sehemu yenu. Kine akisema leo hatukandi, leo utafanya mazoezi, musimukasirikie na kusema hajui kazi. Kama kuko mukubwa anayeangalia, mukubalie, juu ile ni macho mawili zaidi ku mugongo wako. Na hata kama hakuna mutu amewauliza, semeni wenyewe: ninaumia usiku, ninakonda, ninakohoa, miguu inakufa ganzi, mukojo unanishinda. Musingoje swali. Kwa ile ya mukojo na ganzi ya miguu, endeni kwa munganga siku ileile.

Wazazi wenye mutoto mu kazi ya afya, musimuulize kila jioni tu kama amelipwa. Muulizeni pia: nani anakufundisha sasa? Akinyamaza, hamujamaliza kumusomesha. Mumusaidie kutafuta ule mutu. Mara nyingi ni jirani, mutu aliyepata pansio na anakaa chini ya muti wa mangi akisikiliza redio, na hakuna mutu aliyekuja kumuuliza kitu tangu aondoke ku kazi. Nendeni na kilo ya sukari, mumusalimie, mumuombe. Wazee wachache watakatala.

Mu shimo hatukuandika sheria ya mugeni juu tunapenda mafundisho. Tuliiandika juu ya watu waliobaki chini ya mawe. Mu chumba cha kine mawe hayaanguke na kelele. Mutu anatoka akitembea vibaya kidogo kuliko alivyoingia, na hakuna mutu anapiga sirene. Tuipige sisi.